Bili ya Kitanda Kitupu

Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ndiko nyika inakogusa Bahari ya Hindi. Nilikwenda peke yangu, nikafikia hoteli ya kifahari, nikatozwa nyongeza kwa kosa la kukosa mwenza. Kitanda cha pili kililala kitupu. Bili yake ikakesha.

Sikatai, raha zilikuwepo. Jua lilichomoza baharini bila kiingilio. Viboko wa Mto Wami walipiga miayo bila kudai bakshishi. Ila samaki aliyevuliwa hapo kijijini alinifikia mezani na jina la Kifaransa na bei ya mbuzi.

Mwaka 1889 Bwana Heri, mtawala wa Saadani, aliikabili mizinga ya Wajerumani. Mimi nilisalimu amri mbele ya karatasi moja tu: risiti.