Umehamia Ikulu ya Marekani? Simamisha Mti Hivi

Hongera kwa ushindi, Mheshimiwa. Uliapishwa Januari, bendera zimepepea, sasa Novemba inayoyoma na mti wa Krismasi unakusubiri. Usimtume mtu sokoni. Tangu 1966, mti wa Chumba cha Buluu hutolewa na chama cha kitaifa cha wakulima wa miti hiyo, na anayeuleta ni mkulima aliyeshinda mashindano. Kazi ya nyumba yako ni kutoka nje na kuupokea ukifika kwa gari la kukokotwa na farasi. Vaeni makoti mazito. Kabla hujagusa tawi, mpe mkono mkulima: mti wa zaidi ya mita 5 ameupogoa na kuulinda kwa miaka mingi, marais wakiingia na kutoka.

Mti ukigusa dari, usikate kilele. Ondoa ile taa kubwa inayoning'inia katikati ya chumba, ndivyo inavyofanywa.

Mapambo yawe na wazo moja. Jacqueline Kennedy alianzisha desturi hiyo mwaka 1961 kwa mapambo ya baleti ya Nutcracker. Jiandae kusemwa. Melania Trump alipopanga miti myekundu ukumbini mwaka 2018, nchi nzima ilitoa maoni. Waache waseme, nyumba ni yao, wewe ni mpangaji.

Wala usijaribu kukwepa. Mwaka 1902 Theodore Roosevelt hakuweka mti. Mwanawe Archie, mwenye miaka 8, alificha wake kabatini, akaupamba kwa msaada wa wafanyakazi, na asubuhi ya Krismasi akaufungulia mlango mbele ya wazazi.

Baada ya huo wa ndani, kuna mti wa taifa, nje, na huo ndio mtihani wako hasa. Calvin Coolidge aliuwasha wa kwanza tarehe 24 Desemba 1923, mti wa karibu mita 15 kutoka Vermont. Kubonyeza swichi anaweza hata mtoto. Kujua lini usiwashe kunataka moyo. Desemba 1979 Wamarekani walikuwa mateka Tehran. Jimmy Carter alikuja na binti yake Amy, swichi ikabonyezwa, ikawaka nyota ya kileleni peke yake. Matawi yote yakabaki gizani. Mwaka uliofuata taa ziliwashwa kwa sekunde 417, moja kwa kila siku waliyokaa mateka, kisha zikazimwa. Mateka walipoachiwa Januari 1981, mti uliwaka wote, Krismasi ikiwa imeshapita.

Sijui rais mwingine aliyeutumia mti huo kwa heshima kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo, Mheshimiwa, zamu yako ikifika, hotuba iwe fupi, jina la mkulima litajwe, na kabla ya kubonyeza swichi uliza ni nyumba zipi mwaka huu zina kiti kitupu.