Muulize Bi Kijiko: Siku Nne za Kula Osaka

Tangu Maonesho ya Dunia yafanyike Osaka mwaka 2025, barua za ndoa na za mipaka ya viwanja zimepungua kwenye safu hii, na mahali pake zimeingia za safari. Sina kinyongo. Masharti ni yale yale: aliyejitakia nitamcheka kwanza, kisha nitamsaidia.

*Shikamoo Bi Kijiko. Mimi na mume wangu tumeweka akiba muda mrefu twende Osaka kwa siku nne, tutembee na tule. Sasa mwenzangu ametengeneza ratiba kwenye kompyuta. Siku ya kwanza ni Osaka na Kobe, ya pili Kyoto na Nara, ya tatu Tokyo na Mlima Fuji, ya nne Hiroshima halafu uwanja wa ndege. Ameandika mpaka dakika za kwenda msalani: saba, kwa watu wawili. Nikimuuliza tutakula saa ngapi, anasema ndani ya treni. Ndoa yangu naipenda. Nifanyeje? — Mke wa Bwana Ratiba, Tabata*

Marahaba mwanangu. Usimgombeze, maana kazi yake haijapotea. Anayeomba viza ya Japani hutakiwa kueleza atakuwa wapi siku kwa siku, na wengi hukwama hapo hapo. Wewe unaye mtu aliyejaza kabla hajaulizwa. Mwambie tu afute dakika za msalani, na abakize miji ambayo mtaifikia kweli.

Kisha mkalishe umfanyie hesabu. Kutoka Osaka hadi Tokyo, hata kwa Nozomi, ile treni ya Shinkansen ya haraka kuliko zote njia hiyo, ni saa mbili na nusu, na nauli inapita yen 13,000 kwa kichwa kimoja, kwenda tu. Kwenda na kurudi ni saa tano mmekaa mnatazama mgongo wa kiti cha mbele. Fuji wenyewe hauna ahadi na mtu. Siku ya mawingu haujitokezi hata ungekuwa umelipiwa. Kyoto ndiyo mtego mbaya zaidi kwa sababu iko karibu, nusu saa hivi kwa treni ya JR. Mtafika mapema, mtakuta hekalu hili liko mbali na lile, basi limejaa, na jioni itawakuta mnanunua soda kwenye mashine. Kyoto inataka safari yake yenyewe. Na hilo la kula ndani ya treni lina mipaka: kwenye Shinkansen ni kawaida, watu hununua bento, chakula cha boksi, stesheni wakafungulia safarini, lakini kwenye treni za mjini ukifungua chakula utatazamwa kwa adabu kubwa mpaka kikushinde kumeza.

Mkiwa mmekwenda Osaka kula, basi kaeni Osaka. Chakula cha mji huo kina historia yake, na historia hiyo imeanzia kwenye biashara. Enzi za mashogun, mchele wa mabwana wa majimbo ulikusanywa kwenye maghala ya Osaka ukauzwe, na mwaka 1730 serikali ikalitambua rasmi soko la Dojima, ambako watu waliuziana hata mchele ambao hakuna aliyeutia machoni. Meli za kaskazini zilileta mwani mnene wa bahari ya baridi ya Hokkaido (si ule wa Paje, huo ni mwingine), na supu ya mwani huo ndiyo msingi wa mapishi ya Osaka hadi leo. Mji wa wafanyabiashara hula vizuri na huuliza bei. Mtaelewana.

Mtatua Kansai, uwanja uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa na kufunguliwa mwaka 1994. Msichukue teksi. Treni ya Nankai itawafikisha mtaa wa Namba kwa dakika arobaini na kitu, na Namba ndipo pa kulala, kwa sababu usiku wa kwanza hamtakuwa na nguvu ya kwenda popote pasipofikika kwa miguu. Tembeeni mpaka Dotonbori, mfereji uliokamilika mwaka 1615 na leo una taa nyingi kuliko maji. Mtamwona kaa mkubwa anayechezesha miguu juu ya mlango wa mkahawa, na yule mkimbiaji wa tangazo la Glico aliyeinua mikono. Tangazo la kwanza la mkimbiaji huyo liliwekwa mwaka 1935. Hili la sasa, la taa za LED, ni la 2014. Bwana Ratiba apige picha moja ameinua mikono, kila mgeni hupiga, halafu mkale.

Asubuhi ya pili nendeni kwenye ngome. Mtawala Toyotomi Hideyoshi aliianza mwaka 1583, ila mnara mtakaouona ni wa zege, umejengwa 1931, na ndani una lifti. Wapo wanaonuna wakiambiwa hivyo. Mimi nawaambia waangalie mawe ya kuta na handaki la maji, ambavyo ni vya karne ya 17 na havina tiketi, kwani bustani ni bure. Kuingia mnarani ndiko kwa kulipia. Mkitoka hapo rudini soko la Kuromon mkiwa na njaa. Kome wakubwa wanachomwa mbele yako, mikunga, matikiti ya zawadi yenye bei ya kuchefua. Ni ghali kuliko zamani na limejaa wageni. Onjeni vitu viwili vitatu, mlo kamili kaleni vichochoro vya nyuma.

Siku ya tatu, ili amani iwepo nyumbani, mpe mji mmoja wa nje: Nara, dakika arobaini hivi kwa treni ya Kintetsu kutoka Namba. Kuna Buddha wa shaba wa Todaiji, mwenye urefu wa mita 15 hivi, na kuna kulungu zaidi ya elfu moja wanaozurura bila kamba. Huinamisha kichwa wakiomba biskuti zao zinazouzwa hapo hapo. Wanakula na karatasi. Akishika ratiba mkononi wataitafuna, na wewe usikimbilie kuwazuia.

Siku ya nne amkeni mnapoamkia. Kama si Jumanne, pandeni treni ya Hankyu kutoka Umeda mpaka Ikeda, ambako Momofuku Ando alitengeneza tambi za papo kwa papo mwaka 1958. Makumbusho yake, yanayofungwa Jumanne, hayana kiingilio. Mnalipia kikombe tu, mkakichora wenyewe na kuchagua cha kutia ndani. Mume wako apewe kalamu. Atachora jedwali.

*Bi Kijiko, heshima yako. Mimi ni mteja wa pweza kwa muda mrefu, nakula wa supu, wa nazi na wa kuchoma. Rafiki amenitumia picha ya takoyaki, eti ndiye pweza wa Osaka. Naona vidonge vya unga. Pweza yuko wapi? — Mkono Mmoja Supuni, Mtwapa*

Yuko katikati, kijana wangu, na ni kipande cha ukubwa wa harage. Ukienda ukimtafuta pweza wa kutafuna utarudi na kesi. Takoyaki ni uji wa unga uliochanganywa na supu ya samaki, unamiminwa kwenye chuma chenye mashimo kama kile cha vitumbua, kinatupiwa kipande cha pweza, kitunguu cha majani na tangawizi nyekundu, kisha mpishi anavigeuza kwa kijiti cha chuma kwa kasi ambayo utasimama kuitazama hata kama umeshiba. Duka la Aizuya linatajwa kuwa ndilo lililoanza kutia pweza mwaka 1935; kabla ya hapo walitia nyama ya ng'ombe.

Sikiliza sasa jambo la maana. Kwa nje kimekauka, kwa ndani ni uji unaochemka. Usikitupe chote mdomoni. Kitoboe kwanza, subiri, zungumza na uliyekuja naye. Waliopuuza wamepoteza ladha ya kila kitu walichokula siku mbili zilizofuata, na walikuwa wamelipa nauli ya ndege.

Pweza wengi wa Japani huagizwa Mauritania na Morocco, kwa hiyo utakuwa umesafiri hadi Asia kumla Mwafrika mwenzio. Na zile sifa mnazompa huko Mtwapa baada ya saa mbili usiku, kule usizitaje. Mpishi hatakukonyeza.

*Assalaam alaykum Bi Kijiko. Mimi na mke wangu tunataka kula Osaka lakini tunaogopa nguruwe na pombe. Shemeji anasema tubebe biskuti za siku nne. — Mwenye Wasiwasi, Michenzani*

Waalaykumu salaam. Shemeji aache uvivu, ingawa hofu yenu ina mashiko. Nguruwe wa Osaka hajifichi kwenye nyama tu. Yumo kwenye mchuzi wa rameni nyingi, yumo kwenye maandazi ya mvuke yanayopangiwa foleni stesheni, na okonomiyaki, ile chapati nene ya kabichi, mara nyingi huja na vipande vyake juu. Ukisema upewe ya kamba utapewa, lakini itakaangwa kwenye bapa lile lile. Pombe nayo: mirin, ile tamu ya kupikia, imo kwenye michuzi mingi, pamoja na ule unaopakwa mkunga. Hata tambi za udon zenye tofu tamu, fahari ya mji, ukiuliza vizuri utakuta mirin imepita.

Kwa hiyo mnafanya mambo mawili. Kwanza, mtafute mapema mikahawa ya halali. Maeneo ya Namba na Shinsaibashi ipo, hadi ya rameni. Pili, andikisheni kwa Kijapani kadi inayosema hamli nguruwe, mafuta yake, wala kilichopikwa kwa pombe, mumwonyeshe mwenye duka kabla hamjakaa. Atasoma hadi mwisho. Akisema hawezi, si dharau, anawaambia ukweli, nanyi mshukuruni. Samaki mbichi, wa kuchoma kwa chumvi na matunda havina taabu nyingi.

Mkipata nusu siku, Kobe iko chini ya nusu saa kwa treni. Pale pana msikiti wa kwanza kujengwa Japani, wa mwaka 1935. Mabomu ya 1945 yaliuacha umesimama, tetemeko la 1995 likauacha umesimama, na jirani zake kuna migahawa ya halali. Biskuti za shemeji mpeni shemeji.

*Nilikula mishikaki ya kukaanga Osaka, nikachovya kwenye sosi, nikang'ata, nikachovya tena. Duka zima likanyamaza. Nimefanya nini? — Aliyenyamaziwa, Eldoret*

Umechovya mara mbili. Kule Shinsekai, chini ya mnara wa Tsutenkaku, chombo cha sosi ya kushikatsu, ndiyo mishikaki uliyokula, kilikuwa cha watu wote wa kaunta, na sheria ilikuwa moja tu, imebandikwa ukutani na mchoro wa mtu aliyekasirika. Ukiishiwa sosi, unachota kwa kipande cha kabichi, na kabichi hiyo ni bure. Siku hizi maduka mengi yameweka chupa za kukamua. Wewe ulikwenda lisilo na chupa. Nyinyi mnaonawa kabla ya kushika ugali wa sinia moja mngepaswa kuwaelewa haraka kuliko wengine.

*Bi Kijiko niende lini? Jibu fupi, niko kwenye daladala. — Gongo la Mboto*

Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, kwa maua ya sakura. Novemba kwa majani mekundu. Juni ni mvua. Julai na Agosti ni joto la Dar lisilo na upepo wa bahari. Kimbia mwisho wa Aprili na wiki ya kwanza ya Mei, Wajapani wenyewe wako likizo. Ukichelewa sakura, kiwanda cha sarafu cha serikali hufungua njia yake ya miti kwa wiki moja hivi mwezi Aprili, desturi ya tangu 1883. Shuka, kituo chako hicho.

*Mke wangu anataka maduka. Mimi nataka kuona mahali Catherine Ndereba aliposhinda. — Miguu Myepesi, Iten*

Uwanja wa Nagai, una stesheni yake kwenye reli nyekundu ya Midosuji, ile ile inayopita Shinsaibashi kwenye maduka. Mwaka 2007 mashindano ya dunia ya riadha yalifanyika hapo, na marathoni zote mbili zilikwenda Kenya: Luke Kibet kwa wanaume, Ndereba kwa wanawake, katika joto lililomfanya bingwa wa wanaume apite saa mbili na robo. Mkeo ashuke Shinsaibashi, wewe endelea. Kwenye ngazi za umeme simama kulia. Tokyo husimama kushoto, na Osaka hawana mpango wa kuwaiga.

*Shikamoo Bi Kijiko. Mama mkwe anakuja nasi. Amekwisha kausha nyama kilo tatu, anasema chakula cha watu hakijui. Kumkatalia siwezi. — Mkwe Mtiifu, Moshi*

Marahaba. Huna haja ya kumkatalia, forodha ya Japani itakukatalia kwa niaba. Nyama yoyote, mbichi au kavu, bila cheti cha ukaguzi cha nchi inakotoka haiingii, na adhabu yake si ya mzaha. Mwambie ni serikali, wala usimtaje Bi Kijiko.

Siku ya kwanza, jioni saa moja hivi, mpeleke ghorofa ya chini ya duka kubwa lolote pale Umeda au Namba. Kule chini ni chakula kitupu: samaki, wali uliofungwa, kachumbari za kila rangi, keki. Karibu na kufunga hutokea mfanyakazi mwenye karatasi za punguzo, akibandika kifurushi kimoja kimoja, na nyuma yake wamama wa Osaka wa umri wa mkweo, kimya, vikapu mkononi, wakimfuata hatua kwa hatua. Bei haijadiliwi humo, lakini hatahitaji kujadili. Mwache aangalie dakika tano aelewe mchezo. Kisha mpe kikapu, nawe usimame karibu na ngazi na mizigo.