Ajenda ya Sita: Mengineyo

Huku kwetu Tanga habari za serikali hupita kwa gari, na gari halimsubiri mtu. Ni pikapu kuukuu yenye spika mbili juu ya kabini, moja inatazama mbele, nyingine nyuma. Ndani amekaa kijana wa sauti nzito ambaye mji mzima unamjua kwa koo lake, si kwa sura. Asubuhi anatangaza chanjo ya watoto, adhuhuri mkutano wa mtaa, jioni mechi ya Coastal Union pale Mkwakwani, na bashasha ni ile ile kwa yote matatu. Tabu ni kwamba tangazo huanza likiwa kwa majirani wa kule na humalizikia kwa majirani wa huku. Wewe uliye katikati unaambulia kiuno cha habari. Kichwa na miguu wamechukua wengine.

Kiuno kilichotufikia sisi safari ile kilikuwa hiki: "...asilimia kumi... wananchi wote... bila kukosa... saa nne kamili..." Kabla ya hapo ilikuwa inapita bodaboda iliyotobolewa ekzosi kwa makusudi. Baada ya hapo muuza samaki, juu ya baiskeli yake kama ilivyo ada ya mji huu, alibana honi ya mpira mpaka pikapu ikakata kona.

Shangazi alikuwa barazani anakaanga vitumbua. Akatua upawa. "Kodi hiyo. Imepanda." Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo tunaponunua umeme wa LUKU, na tangu hapo shangazi haiamini tarakimu yoyote inayotoka serikalini, hata ile ya mwaka kwenye kalenda. "Kumi kwa mia! Basi waje wachukue na karai."

Fundi seremala wa nyumba ya mkabala ni mtu wa matumaini. Ndiye anayewaambia mabibi harusi kuwa kabati litakuwa tayari Ijumaa. Yeye alisikia punguzo. Leseni, ushuru, chochote kile, kimepunguzwa asilimia kumi, na wenye wivu wanyamaze.

Mzee wa kahawa hakukubaliana na yeyote. Yeye alisikia neno ambalo hakuna mwingine aliyelisikia: barabara. Barabara inapanuliwa, na kila nyumba itamegwa asilimia kumi ya eneo lake. Akaliacha birika juu ya mkaa, akaanza kupima kwa hatua kutoka ukingo wa njia hadi kizingitini, kisha akaingia ndani akiendelea kuhesabu kwa sauti. Alipotoka alikuwa amekunja uso. Mstari unapita katikati ya kitanda. "Sasa sijui watachukua upande wangu," akasema, "au wa mama watoto."

Vijana wa kijiwe cha bodaboda walisema, "Mikopo hiyo, wagosi. Ile ya halmashauri." Hakuna aliyewajibu. Kijana akitaja mikopo huku kwetu huonekana anaomba.

Na walikuwa sahihi. Kila halmashauri nchini hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa 2023 baada ya fedha nyingi kukopwa na kutorudi, ukaanza tena 2024. Habari yenyewe ni njema na fupi, na pengine ndiyo sababu haikutosha kujaza mtaa mzima. Tulihitaji kodi, punguzo na bomoabomoa ili kila mtu apate ya kwake.

Usiku huo watu hawakulala, walitunga hotuba. Shangazi alinikabidhi kalamu na bahasha tupu, akanisomea hoja zake dhidi ya kodi huku akiosha mchele, nami nikaandika mpaka bahasha ikajaa pande zote mbili. Kutoka ng'ambo ya njia tulimsikia mzee wa kahawa akijaribu sauti. Alianza kwa "Ndugu mwenyekiti", akaona ni laini, akarudia.

Saa nne kamili ya tangazo ilipofika, chini ya mkungu palikuwa na mtu mmoja: mwenye viti. Huyu ndiye anayekodisha turubai na viti vya plastiki vya arusi, na huwahi kila mkutano ili ahesabu viti, maana hesabu ya mwisho haijawahi kulingana na ya mwanzo. Mkutano ulianza saa tano na nusu, jambo ambalo kwetu ni kuwahi.

Mwenyekiti wetu wa mtaa alichaguliwa kwenye uchaguzi ule wa Novemba 27, 2024, lakini uongozi wake una mipaka ambayo haimo kwenye sheria yoyote. Alizaliwa hapa. Nusu ya kina mama waliokaa mbele yake wamewahi kumwogesha, na shangazi anadai aliwahi kumchapa kwa ajili ya mapera. Ndiyo maana kila kikao hukifungua kwa duru ndefu ya shikamoo, na kufikia mwisho wa duru hiyo mamlaka yake yamepungua sana. Hata barua ya utambulisho, ile inayotakiwa benki, mahakamani na kila penye dirisha, huiandikia barazani kwake. Anaandika kuwa ananifahamu vyema, ni mkazi halali, ni mtu wa tabia njema, kisha anainua kichwa: "Ehe, jina lako kamili nani vile?"

Mtendaji wa mtaa ni tofauti. Yeye ni mwajiriwa, ametoka bara, hana mtu wa kumwamkia zaidi ya desturi, na anaamini karatasi. Alisimama akasoma ajenda saba: kufungua kikao, kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, mikopo ya asilimia kumi, mengineyo, kufunga. Alipotaja mikopo ulipita mnong'ono wa huzuni chini ya mkungu. Watu walikuwa wametiwa hasara ya hotuba.

Muhtasari uliopita ukasomwa, na majina ya waliohudhuria yakatajwa. Jirani mmoja mwaminifu akasimama kusahihisha: jina lake limo, ila yeye siku ile hakuwepo, alikuwa Pemba. Upande wa kina mama mkewe akageuza shingo taratibu. Siku ile aliagwa kwamba bwana anakwenda mkutanoni. Jirani akaitazama ile shingo, akaomba muhtasari ubaki kama ulivyoandikwa.

Kwenye yatokanayo ukatokea mfereji. Mfereji huu umeziba, na mvua za masika zikianguka hurudisha ndani ya nyumba zetu kila tulichowahi kuutupia. Umekuwa ukijadiliwa tangu enzi za mwenyekiti aliyepita, na mtendaji akajibu kuwa suala hilo liko kwenye mchakato. Nimewaza sana juu ya mchakato. Nadhani ni mahali penye hewa nzuri, kwa sababu kila kinachokwenda huko hakitamani kurudi.

Mapato na matumizi yalisomwa kwa kasi ambayo ingemfaa mtangazaji wa mpira. Tukaambiwa maswali yaulizwe kwenye mengineyo. Mikopo nayo ikaelezwa vizuri: undeni kikundi, muwe na katiba, akaunti ya benki, jambo mnalolifanya. Vijana wa bodaboda wakatikisa vichwa kwa ushindi. Shangazi akanyoosha mkono. "Mwanangu, nikikopa, ile kodi ndiyo basi?" Mtendaji akasema hakuna kodi iliyopanda, bi mkubwa. "Nimesikia. Nauliza, ndiyo basi?" Mwenyekiti, aliyeyakumbuka mapera, akasema ndiyo basi, shangazi.

Halafu ikafika ajenda ya sita, na hapo ndipo mkutano ulipoanza.

Watu waliokuwa wameegemea mkungu walisogea. Waliokuwa wakinunua maji walirudi. Mwenye viti aliacha kuhesabu. Ilianza na mbuzi wanaozurura na kula kanga zilizoanikwa, ikapita kwenye kigodoro kilichokesha mpaka alfajiri karibu na nyumba yenye mgonjwa, ikasimama kidogo kwenye taa ya njiani inayowaka mchana na kulala usiku, ikafika kwa kuku aliyepotea nyumba hii na kusikika nyumba ile. Mbuzi walipewa siku saba. Mwenye kigodoro aliomba radhi. Kuku alirudi jioni ile ile, na hakuna aliyeuliza alipita njia gani.

Shangazi alisoma bahasha pande zote mbili. Kodi haikuwapo, lakini hoja zilikuwa nzuri, na watu walipiga makofi kwa kila moja. Fundi seremala akaushukuru uongozi kwa punguzo ambalo hakulipata. Kisha mzee wa kahawa akainuka, akakohoa, akaanza kwa ile "Ndugu mwenyekiti" aliyoichagua usiku. Alieleza nyumba za mtaa huu zilivyojengwa, nani aliyepanda minazi, nani aliyezikwa wapi, na kwamba barabara ikipanuliwa itawatenganisha watu waliokula sahani moja. Kina mama wawili wakajifuta machozi. Mtendaji akanong'ona kuwa hakuna mpango wowote wa kupanua barabara. Mwenyekiti akanong'ona, "Andika tu." Na mtendaji, kwa kuwa anaamini karatasi, akaandika: wananchi kwa kauli moja wamekataa upanuzi wa barabara.

Ni katika vuguvugu hilo la umoja fundi seremala akasema ana mbao za kuzuia udongo, kama tatizo ni mfereji. Vijana wa bodaboda wakasema wana nguvu, kama kuna chai. Kina mama wakasema chai ipo, na mihogo. Mtendaji akajitolea kuazima makoleo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo nchi nzima hufanya usafi na maduka huchelewa kufunguliwa, mfereji ulizibuliwa kabla ya saa nne. Ndani yake walitoa ndala za kila rangi, sufuria bila mpini, na kiti kimoja cha plastiki ambacho mwenye viti alikipokea mbele ya watu bila kusema neno.

Tangu hapo nina imani yangu juu ya utawala. Ajenda tano za mwanzo ni za serikali, nazo ni za lazima, maana bila ya hizo watu wasingekuwa na sababu ya kukaa. Ya sita ndiyo ya mtaa. Katiba ya nchi, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi, na mimi nimeyaona yakifika: yalifika kama saa saba mchana, kila mtu ana njaa, baada ya mtendaji kukunja faili. Jiji tumekuwa tangu 2005, lakini ni jiji ambalo ukikopa sukari Chuda, Makorora watajua kabla hujafika nyumbani. Mji wa namna hiyo hauendeshwi kwa ajenda iliyochapwa.

Mzee wa kahawa anakwenda mbali zaidi. Anakumbusha kuwa serikali za mitaa ziliwahi kufutwa mwaka 1972, za miji zikarudishwa 1978, na sheria zinazoziongoza zikatungwa 1982. Miaka ile ya katikati, anasema, mengineyo yalihamia kwenye majiko ya kahawa na hayakukosa kikao hata kimoja. Hesabu zake za hatua nazijua, lakini katika hili siwezi kumbishia.

Shangazi na wenzake wameunda kikundi cha vitumbua na wameshapeleka maombi. Katiba yao ina ibara inayokataza kukopesha jamaa, waliyoiweka wakinitazama mimi.

Ama ule muhtasari, ulipanda ngazi. Ulikwenda kwenye kata, na kutoka huko likateremka swali la maandishi: upanuzi upi? Kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujibu, iliundwa kamati ndogo ya kufuatilia, na mzee wa kahawa akawa mwenyekiti wake. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mkaa, huipima njia kwa hatua na kuandika kwenye daftari. Ameshaomba posho ya vikao, na taarifa yake ya kwanza ilisomwa kwenye mengineyo. Anasema kamati inafanya kazi nzuri: tangu iundwe, barabara haijapanuliwa hata inchi moja.