Tunzo Langu Limekwenda Wapi?

Katika jamaa nzima ya watu wanaokula kwa muziki, tangu mtunzi wa maneno hadi kijana anayebeba vipaza sauti, hakuna anayedharauliwa kwa upole kama mpenzi wa muziki mwenyewe. Haulizwi wimbo uanze vipi wala uishe lini. Jina lake halitajwi popote. Na kundi likivunjika, au mwimbaji akihamia kwa mahasimu, habari humfikia yeye mwisho, mji mzima ukiwa umekwisha kuisema mpaka ikachakaa. Ilhali mfuko unaochangia yote hayo ni wake. Mimi ni mmoja wa watu hao, na umri niliofikia umenipa ruhusa ya kulalamika hadharani, ruhusa ambayo sikusudii kuiacha ipotee bure.

Nilikulia Tanga, mitaa ya Ngamiani, zama ambazo Black Star na Lucky Star walikuwa wameufanya mji ule kuwa makao ya tarabu ya magitaa, na sauti ya Bi Shakila ilikuwa ikiingia majumbani bila kupiga hodi. Katika tarabu ya siku hizo msikilizaji alikuwa na kazi yake. Ubeti ukimgusa aliinuka taratibu, akaenda kwa mwendo wa wimbo huku noti ameikunja kwa urefu na kuibana baina ya vidole viwili, akafika mbele na kuitia mkononi mwa mwimbaji. Na mwimbaji, kama mjuzi wa kazi yake, aliurudia ubeti ule ule kwa taadhima ya aliyemtunza. Hapakuwa na wakala baina yao, wala fomu, wala ada ya huduma.

Hata hivyo kutunza kulitaka elimu, kwani kutunza ni kusema. Anayeinuka katika ubeti wa kijicho huhesabiwa kuwa amemsema mtu, na macho ya ukumbi mzima huanza kumtafuta aliyesemwa. Marehemu mjomba wangu, mtu mpole aliyekuwa karani katika shamba la mkonge, alisimama siku moja kwenye harusi ya jirani wakati mwimbaji yumo katika habari za mtu anayekopa kisha akasahau, na kwa kuwa viti vilikuwa vimesongamana, njia pekee ya kufika mbele ilimpitisha mbele ya magoti ya shemeji yake, ambaye, kwa kudura ya Mwenyezi Mungu, alikuwa na deni la baiskeli la tangu mwaka uliotangulia. Wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji hakungoja pilau. Asubuhi yake deni lililetwa lote kwa mkono wa mtoto mdogo, bila salamu wala karatasi, na mjomba akaishi miaka mingi akiapa kwamba yeye alikuwa akiitunza fidla tu. Sikupata kumwona aliyemsadiki, na mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheka.

Nisije nikadhaniwa kuwa nayasifu ya kale kwa sababu ni ya kale. Siti binti Saad aliposafiri kwa meli mwaka 1928 kwenda Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, sahani zile zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kwa upande mmoja, kwa hiyo wimbo ambao barazani ungekwenda mpaka birika la kahawa likauke ulilazimika kukatwa ukubwa wa sahani. Baadaye, bendi zetu zilipostawi, Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi kwa bidii kubwa, lakini kiwanda cha kuchapa sahani hakikuwapo nchini, na aliyetaka kuiona kazi yake katika sahani alishika njia ya Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe kutoka Morogoro. Kisha zikaingia kaseti. Ukenda Kariakoo asubuhi na kaseti tupu na orodha ya nyimbo uzipendazo, jioni ukaichukua imejaa pande zote mbili, na katika malipo yale mwenye duka alipata, mwenye kaseti alipata, isipokuwa aliyeimba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipotungwa mwaka 1999, wengi wetu tulikuwa tumekwisha kujaza makabati, na makabati hayo hatuyafungui mbele ya wanasheria.

Lakini insafu yataka niseme kwamba zama zile aliyedhulumiwa alikuwa mwimbaji peke yake. Zama hizi tumeunganishwa sote.

Nililijua hilo kwa njia ya simu. Salio langu lilianza kupungua usiku nimelala, na watu walionipigia, badala ya kutoa salamu, walianza kwa kucheka. Ikabainika kwamba kampuni ya simu, kwa hisani ambayo sikuiomba, ilikuwa imeniwekea wimbo wa kumburudisha kila anayenipigia kabla sijapokea, na kunikata fedha kwa hisani hiyo. Hila ya jambo hili ni kwamba mwenye simu hausikii wimbo wake mwenyewe. Anaweza kukaa nao mwezi mzima, akenda msikitini na kurudi, akizungumza na wakwe zake kwa heshima zote, ilhali kila mmoja wao amekwisha kuimbiwa.

Imamu wetu alinipigia alfajiri moja kunipa habari ya msiba. Alipokewa na sauti ya kijana akimwita mtoto mzuri na kumsihi aje usiku huu, tena aje peke yake. Imamu ni mtu wa subira. Aliungoja wimbo mpaka nilipopokea, akanieleza aliyefariki, saa ya maziko na makaburi yatakayotumika, kisha akanyamaza kidogo.

"Na wewe mwenyewe, mzee mwenzangu," akaniuliza, "hujambo lakini?"

Siku hiyo hiyo nikawapigia wahusika. Alinipokea binti mwenye adabu, akaniamkia shikamoo, akasikiliza malalamiko yangu tangu mwanzo hata mwisho bila kunikatiza.

"Mzee, huo wimbo unapendwa sana."

"Sikatai, mwanangu. Nauliza nani ameupenda kwa fedha zangu."

"Ni mfumo, mzee."

Nikamwambia kwamba, maadamu mfumo umekwisha kupenda kwa niaba yangu, basi angalau nijulishwe ni kiasi gani cha fedha hizo humfikia yule kijana aliyeimba, ili nijue kwamba nimemtunza. Hilo, akasema, lilimpasa aulize, nami nisikate simu. Katika kungoja nikapigiwa wimbo wa kuniburudisha. Ndipo nilipousikia kwa mara ya kwanza, kwa maana ulikuwa ule ule.

Mjukuu wangu, ambaye ndiye mwalimu wangu katika mambo haya, alinifahamisha jingine lililonishangaza zaidi. Anasema katika mitandao ya kusikilizia nyimbo, kama Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Mwenye kuukata kabla ya hapo amekwenda zake, na mwimbaji hana chake. Ndiyo maana nyimbo za sasa hazina utangulizi: mwimbaji anaingia kwa kishindo, kiitikio kimetangulia, na dakika tatu zikifika amekwisha kuaga. Sikumlaumu mwimbaji. Laiti ningekuwa mimi, na riziki yangu ikapimwa kwa nusu dakika, ningeanza kuimba kabla sijafumbua macho. Lakini nilizikumbuka bashrafu za wazee wetu wa Unguja, ambamo katika sekunde 30 wapiga fidla huwa hawajamaliza hata kutazamana.

Nikasema basi, heri nimfuate mwimbaji alipo. Tukenda mimi na mjukuu kwenye onyesho lililotangazwa kuanza saa tatu za usiku, na msanii, ambaye simtaji kwa kuwa ana wazazi, akatokea saa nane. Alianza vizuri. Katikati ya wimbo wa pili akashikwa na kiu, akachukua chupa ya maji, akainywa kwa utulivu wa mtu aliye nyumbani kwake, na muda wote huo sauti yake iliendelea kuimba, tena kwa ufasaha kuliko awali. Nilikuwa nimekwisha kuikunja noti yangu. Nikairudisha mfukoni, kwa kuwa sikujua niitie mkononi mwake au mkononi mwa yule anayetazama kompyuta nyuma yake.

Sasa naishi Mburahati, hapa Dar es Salaam, mtaa wa studio ya Sisso, ambayo muziki wake wa singeli ulitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes wa Kampala na kufika mpaka Ulaya. Singeli, kwa asiyeijua, ni muziki ambao mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na mtu wa hirimu yangu akiusikia kwa ghafula hujishika kifua kwanza, kisha hutafuta mlango. Jirani yangu ni kijana anayeutengeneza muziki huo chumbani kwake. Alasiri moja, katika ghasia ile, masikio yangu yalinasa kinanda nilichokijua: kinanda cha tarabu, dhahiri shahiri, kinakimbizwa mpaka kimeishiwa pumzi. Nikavuka uchochoro.

"Hicho kinanda umekitoa wapi?"

"Shikamoo babu. Kwenye kaseti ya marehemu bibi. Nimekiongeza mwendo kidogo tu."

"Kidogo?"

"Kidogo, babu."

Nilimwomba akirudishe kama kilivyokuwa. Akabonyeza mahali, kikapunguza mbio, kikarejea katika mwendo wake wa zamani, na mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele nje akainua kichwa na kuanza kuimba maneno, kwa kuwa aliyajua yote. Kijana akatutazama kwa zamu, kisha akaniuliza kama nina kaseti nyingine. Nilimweleza habari za kabati. Kabla ya kuondoka nikaikunja noti kwa urefu, nikaibana baina ya vidole viwili na kumtilia mkononi.

"Babu, si ungenitumia kwa simu tu?"

"Kwa simu kuna makato."

Akacheka, akaipokea kwa mikono miwili. Ndiye msanii wa kwanza katika miaka mingi ambaye nina yakini kuwa fedha yangu imemfikia kamili, bila kupungua hata senti. Wale waliobaki nitaendelea kuwatunza kupitia mfumo, maana mpaka ninapoandika haya sijafanikiwa kujitoa. Na kwa ajili hiyo nawaomba jamaa na marafiki, hususan wenye habari za msiba, wanitumie ujumbe wa maandishi.