Tuiache Kompyuta Ihesabu

Watu wa Misigiri wanaopeleka muhtasari wa mkutano wa kijiji steshenari ukachapwe hawana sababu ya kunung'unika ajenda ya nne inapojigeuza kuwa ya kwanza. Word imeamua, na mwenye kuamua ndiye ajuaye. Katiba yetu ya 1977 iliandikwa kabla ya neema hii, na tazama hasara yake: mwaka 2000 ibara mbili mpya zilipoingizwa, wataalamu wetu, masikini, walizibandika herufi, 107A na 107B, ili 108 ibaki 108 na 152 ibaki ya mwisho. Kompyuta ingezipa zote namba mpya kabla chai haijapoa, na mawakili nchi nzima wangepata ajira ya kuzitafuta.

Yuko atakayesema "rejea 3.2" haina maana iwapo 3.2 imeshahamia 5.1. Huyo hajaona faida: mjumbe anayetafuta ahadi ya kisima sasa atausoma muhtasari wote, jambo ambalo mwenyekiti hajawahi kulifanikisha kwa kubembeleza. Mwingine ataulizia vitone vilivyogeuka vijisanduku kwenye kompyuta ya wilayani. Vijisanduku, bwana, vinafaa kuwekewa tiki, hata kama kisima hakijachimbwa.

Mtendaji asihangaike basi kurudisha namba zilikokuwa. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu; muda wa kuanza tena kutoka moja upo.