Utangulizi wa Elimukioo: Mainisho ya Kuonekana na Kutoonekana kwa Kioo cha Kamera Ndogo

Mwanafunzi wangu, keti vizuri. Wapo wanaosema kwamba falsafa ndiyo iliyokabidhiwa maswali makubwa: kuwapo, kutokuwapo, na namna mtu anavyoweza kujua lipi ni lipi. Hao hawajawahi kushika kamera ndogo ya dijitali saa saba mchana. Pale nyuma ya kamera, kwenye kioo cha inchi tatu, maswali hayo yote hukutana. Picha ipo. Haionekani. Mwenye kamera anaapa kwamba ipo. Elimu inayochunguza kiapo hicho ndiyo Elimukioo, na leo ndiyo siku yako ya kwanza.

1. Fasili

Andika, tena usifupishe maneno. Nurundani ni mwanga unaotoka kwenye taa iliyofichwa nyuma ya kioo. Nurunje ni mwanga mwingine wowote ulimwenguni: jua, mbalamwezi, taa ya tyubu, fleshi ya mpigapicha mshindani. Upofukioo ni hali ya mtu mwenye macho mazima kushika kamera nzima yenye betri iliyojaa, akatazama kioo, akajiona mwenyewe.

Sharti la betri ni la lazima. Asiyeona kitu kwa sababu betri imekwisha hana upofukioo. Huyo ana uzembe, na uzembe unasomeshwa kitivo kingine.

2. Chimbuko

Historia ya upigaji picha imegawanyika katika enzi mbili tu, Enzi ya Tundu na Enzi ya Kioo. Mengine yote unayosoma vitabuni, filamu, rangi, lenzi, ni mapambo. Katika Enzi ya Tundu mpigapicha alifumba jicho moja, akachungulia tunduni kwa jingine, akabonyeza, kisha akasubiri picha zisafishwe ndipo ajue kama alimkata bwana harusi kichwa. Jua halikumsumbua hata kidogo, maana tundu halina nurundani. Linakula nurunje bure. Enzi ya Kioo ilianza mwaka 1995, kampuni ya Casio ya Japani ilipouza kamera ya QV-10, ya kwanza kwa watu wa kawaida kuwa na kioo mgongoni. Kioo chenyewe kilikuwa cha inchi 1.8. Miaka ikaenda, kioo kikawa inchi 2, kikawa 2.5, kikafika 3, na kwa kuwa mgongo wa kamera haukukua pamoja nacho, tundu likasukumwa pembeni mpaka likakosa pa kukaa.

Usidhani hata hivyo kwamba taaluma yetu ni changa. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 akafanya kazi Cairo, aliandika Kitab al-Manazir, na ndani yake akauliza swali ambalo wanahisabati walihangaika nalo karne nyingi, Huygens akiwamo: ukijua taa ipo wapi na jicho lipo wapi, mwanga utadunda kwenye sehemu gani ya kioo cha mviringo mpaka ulifikie jicho? Mpigapicha wa Forodhani, Unguja, analo swali hilohilo kila siku. Tofauti ni ndogo. Taa yake ni jua, kioo chake ni bapa, na wateja wake wameshaanza kununa.

3. Kanuni Kuu na Athari ya Kanzu

Kanuni Kuu ya Elimukioo inasema hivi: kioo huonekana kwa kiasi kilekile ambacho hakihitajiki. Chumbani, pasipo na cha kupiga, kinang'aa na kila rangi iko mahali pake. Toka nje penye bahari, majahazi na watu waliovaa wakapendeza, kinazimika.

Sababu yake ni hesabu. Jua la mchana usio na mawingu humwaga karibu luksi 100,000, ilhali chumba cha ofisi kina luksi 300 hadi 500, na mwezi mpevu haufikishi hata nusu ya luksi moja. Nurundani ya kamera ndogo, kwa upande wake, huhesabiwa kwa kandela kwa kila mita ya mraba, na kwa kawaida ni mia kadhaa tu. Tuwe wakarimu, tuipe 500.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wanafunzi wengi huacha masomo. Uso wa kioo cha kawaida hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaoujia kwa mbele. Asilimia 4 ni kidogo. Haifiki hata mara mbili ya zaka, utasema. Lakini mwanga unaoujia unatoka wapi? Unatoka kwako. Umevaa kanzu nyeupe, jua limekupiga kifuani sawasawa, na kanzu hiyo inatupa karibu kandela 25,000 kwa kila mita ya mraba. Asilimia 4 ya hizo ni 1,000. Kioo kina 500. Kanzu imeshinda mbili kwa moja, na ushindi wake unauona kwa macho: katikati ya kioo pamesimama mtu mweupe asiye na uso, na nyuma yake, kwa mbali, kuna dalili za familia uliyokuja kuipiga picha. Hiyo ndiyo Athari ya Kanzu. Shati jeupe la mikono mifupi lina athari ndogo kidogo, kwa kuwa eneo lake ni dogo. Kofia nyeupe peke yake huleta mwezi mwandamo kwenye ukingo wa juu. Paji la uso lenye jasho huleta nukta moja kali, na nukta hiyo, kwa sababu ambazo bado zinachunguzwa, hutua daima juu ya uso wa bibi harusi.

4. Mainisho

Aina ya Kwanza: Upofukioo wa Utosini. Mji wa Unguja upo kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 5 Machi na karibu tarehe 9 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya kichwa hasa, na mlingoti wa bendera hukosa kivuli. Katika siku hizo, na nyingine nyingi zinazozizunguka, kuonekana kwa kioo hutegemea kimo cha anayepigwa picha. Ukimpiga mtoto mdogo unainamisha lenzi, mgongo wa kamera unaelekea mbinguni, na kioo kinapokea jua lote bila kizuizi. Ukimpiga mtu mzima kioo kinasimama wima na mambo yana nafuu. Ukipiga mnazi kioo kinatazama chini, kivulini, na unaona kila ukuti. Ndiyo maana katika makusanyo ya picha za visiwani minazi imetoka vizuri kuliko wajukuu. Wanasosholojia wamelieleza jambo hili vibaya, nami sitaki kuwataja.

Aina ya Pili: Upofukioo wa Mshazari. Huu ni wa alasiri, nao una vijiaina viwili ambavyo mtahini hupenda kuvichanganya. (a) Jua likiwa nyuma ya mpigapicha, kama wazee walivyofundisha, wanaopigwa wanaangaziwa vizuri, wanakunja macho, na kioo kinapigwa na jua usoni. (b) Mpigapicha akigeuka ili akikinge kioo, sasa jua lipo mbele yake, kioo kipo kivulini, na kifua chake kimewaka. Karibu tena kwenye Athari ya Kanzu. Zaidi ya hayo, wateja wake wamegeuka vivuli vyeusi. Hakuna kijiaina (c). Wamekitafuta wengi.

Aina ya Tatu: Upofukioo wa Mawingu. Hauna uzito. Wapo wanazuoni wa mrengo wa mawingu walioujengea nadharia nzima, tuwaombee.

Aina ya Nne: Upofukioo wa Miwani. Mwanga unaotoka kwenye kioo cha kamera huwa umechujwa, ukabaki unatetema upande mmoja tu. Miwani ya jua ya polaroidi nayo hupitisha mitetemo ya upande mmoja tu. Pande hizo zikilingana, unaona; zikipishana kwa nyuzi 90, kioo kinakuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Zipo kamera zinazozimika zikishikwa kwa mlalo na zipo zinazozimika zikisimamishwa, kwa hiyo mwenye miwani na kamera ya aina hii ya mwisho huona picha ya mandhari vizuri, kisha akiisimamisha kamera ampige mtu mrefu, mtu mrefu anatoweka. Mgonjwa wa aina hii hutambulika kwa kichwa: amekiinamisha begani kama anayesikiliza mashairi, na hajui kwa nini akikiinua kamera inaharibika. Usimwambie avue miwani kabla hujaandika pembe ya shingo yake kwenye daftari.

Aina ya Tano: Upofukioo wa Pembe. Nenda harusini, simama nyuma ya akina mama saba waliosimama juu ya viti, inua kamera juu ya vichwa. Sasa unakitazama kioo kwa chini. Vioo vya bei nafuu vya miaka ya 2000 havikuvumilia hali hiyo. Rangi zilipinduka, weupe ukawa kijivu, nyuso zikawa kama za kwenye negativu, na shela la bibi harusi likaonekana la msiba. Jambo hili tunaliita mpinduorangi. Watengenezaji waliliona: baadhi ya kamera za Panasonic Lumix ziliwekewa hali maalumu ya kushikwa juu, iliyorekebisha kioo kisomeke kwa chini. Kwamba kiwanda kizima kilikaa kikao kwa ajili ya akina mama waliopanda viti ni ushahidi wa kutosha kwamba somo hili si dogo.

Aina ya Sita: Uonakioo wa Kupindukia. Hii ndiyo hatari kuliko zote, maana mgonjwa anafurahi. Ni usiku Forodhani, taa za wauza urojo na mishikaki zimewaka, moshi unapita. Macho yamezoea giza, na kioo kilekile cha kandela 500 kilichoshindwa na kanzu mchana sasa kinamulika uso mzima wa mwenyewe. Picha anayoiona hapo ni ng'avu, tamu, kamilifu. Anawaonyesha jirani. Jirani wanasema mashaallah. Kesho anaipeleka ikasafishwe na kinachotoka ni weusi mtupu wenye mwanga mmoja wa jiko. Kioo hakikumdanganya; macho yake ndiyo yaliyokipa alama za bure. Ongeza kwamba gizani kamera huvuta mwanga kwa nguvu, kioo kinajaa chengachenga na mwendo unachelewa, kiasi kwamba mtoto unayemwona kwenye kioo ni mtoto aliyekuwapo hapo kitambo. Yule wa kweli ameshafika kwa wauza miwa.

Dawa ya aina hii ni grafu ya mwanga, ile milima midogo ambayo kamera nyingi huweza kuionyesha juu ya picha. Milima ikirundikana kushoto, picha ni giza, hata jirani waseme nini. Grafu haipofuki, haivai kanzu, na haina jirani.

5. Tiba za mchana

Kongwe na bora ni kivulimkono. Mtazame fundi anavyokifanya: kiganja cha kushoto kinakuja juu ya kioo, vidole vimebanana, kidole gumba kimekaza ubavuni mwa kamera, kisha paji la uso linashuka mpaka liguse kifundo cha mkono, na jicho moja linaingia kwenye pango hilo. Anayekaa hivyo amerudi kwenye Enzi ya Tundu bila kujua. Baada ya kivulimkono kuna kivulikanga, ambapo kichwa na kamera vyote hufunikwa, na kivulimtu, ambacho ni cha juu kitaaluma kwa sababu huhitaji mazungumzo:

“Sheikh, samahani, hebu simama hapa unikingie jua.”

“Hapa?”

“Rudi nyuma kidogo. Hapo hapo. Umevaa nyeupe, lakini haidhuru, nipe mgongo.”

Kosa la “haidhuru” umeshaliona mwenyewe. Mgongo mweupe ni kanzu ileile.

Viwanda navyo vimejaribu. Mwaka 2012 kamera ya Sony RX100 ilikuja na kioo ambacho juu ya nukta nyekundu, kijani na bluu kiliongezewa nukta nyeupe, ili nurundani ipate nguvu za kupambana na mchana. Mwaka 2014 toleo la tatu la kamera hiyohiyo lilitoka na kitu kilichofichwa kwenye kona ya mwili wake, kinachochomoza ukisukuma kitufe. Kilikuwa ni tundu. Ndani yake kuna kioo kidogo mno, lakini jicho linakifunika na jua haliingii. Hukumu yangu, ambayo utaiandika kwa wino: ukinunua kamera ndogo ya kutumia pwani, nunua yenye tundu, na kama haina, hesabu kiganja chako kuwa sehemu ya kamera.

Kipindi kijacho ni saa sita mchana, nje, si ukumbini. Njoo na kamera, betri iliyojaa na shati jeusi. Atakayekuja amevaa kanzu nyeupe atasimama mbele ya lenzi, si nyuma yake.