Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Nakuandikia kwa heshima kuu, miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, kukushukuru kwa kukubali kutuanzishia mbio za kilomita 10 Jumapili iliyopita hapa Dar es Salaam. Mimi ni yule mama mnene aliyesimama nyuma ya watu wote. Nina kilo zaidi ya 100, na hizo zilikuwa mbio zangu za kwanza. Huenda hukuniona, ingawa kutoniona mimi nako ni kazi.

Nikupongeze kwa hotuba. Ulisema magonjwa yasiyoambukiza yanatumaliza, kwamba kisukari na shinikizo la damu havichagui tena mjini wala kijijini, na kwamba mbio hizi ni za wenye vitambi kuliko za wanariadha. Nilipiga makofi mpaka fulana ikanipanda kiunoni. (Saizi yangu haikuwepo. Nilipewa iliyokuwa kubwa kuliko zote, na sasa anaivaa mwanangu wa darasa la saba.)

Kuhusu muda, Mheshimiwa, sina neno. Ratiba ilisema saa 12:00 asubuhi, wewe ukafika saa 1:20, na hakuna aliyenung'unika kwa sauti. Mtu wa nafasi yako ana majukumu mengi. Mshereheshaji alituchezesha viungo, tukamaliza viungo vyote tulivyo navyo, tukarudia. Ulipofika ulipunga bendera, ukatembea nasi hatua chache mbele ya kamera, ukapanda shangingi lako. Sisi tukaendelea.

Naomba unisamehe kwa kukuchosha na habari za njiani. Nilikuwa nakimbia kutoka nguzo moja ya taa hadi nyingine, kisha natembea nguzo mbili, kama nilivyoelekezwa na wenzangu wa jogging. Mpaka Coco Beach mambo yalikuwa mazuri. Ila Daraja la Tanzanite lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na halina kivuli hata cha kufunika sikio, na jua la saa mbili na nusu si lile la alfajiri tulilokuwa tumepangiwa. Mafuta ya mgando niliyojipaka mapajani yaliyeyuka, na mapaja yakaanza kuchubuana. Mtu mwembamba hayajui haya, namwombea asiyajue. Gari la wagonjwa lilikuwa nyuma yangu, mwendo wa bibi harusi, na kila niliposimama dereva alinifungulia mlango kwa upole, akaufunga tena nilipomwonyesha kidole cha hapana. Saa 3:00 askari wa usalama barabarani wakafungua njia kama ratiba ilivyosema. Daladala zikaja. Konda mmoja akaning'inia mlangoni: "Kaza, bonge! Hata sisi hatuna haraka!"

Nilitumia kama saa mbili. Kwa muda huohuo, mwaka 2019 kule Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42 na ushee. Silinganishi, natoa taarifa tu.

Nilipofika, geti la kupuliza lilikuwa limelala chini na vijana wawili wamelikalia ili litoe upepo. Mkeka unaosoma chipu za muda ulishakunjwa, uko kwenye kirikuu juu ya viti vya plastiki. Kijana mmoja akaniuliza kwa adabu kama nimekuja kuchukua turubai. Nikavuka mahali nilipokadiria kwamba palikuwa na mstari, nikainua mikono, na yule dereva akanipigia honi. Medali zilikuwa kwenye boksi, boksi liko chini ya viti, na viti vilishafungwa kamba. Kwenye orodha ya matokeo, mbele ya namba yangu pameandikwa kwamba sikumaliza.

Sikuandikii kulalamika, Mungu aniepushe. Nilifanya tu hesabu ndogo. Lau tungeanza saa 12:00 kamili, kwa mwendo wangu uleule wa aibu ningefika saa 2:00, saa nzima kabla ya barabara kufunguliwa. Muda wa kuanza ulisogezwa kwa ajili ya mtu mmoja, na sote tuliona ni sawa. Muda wa kumaliza haukusogezwa hata dakika 20. Kamati siilaumu. Desturi yetu unaifahamu: mgeni rasmi akishaondoka, shughuli imekwisha, na wewe ulishatoa hundi za mfano ukaondoka saa 2:30.

Katika hotuba ulimtaja mzee wetu John Stephen Akhwari, na ulifanya vyema. Niruhusu niongeze kidogo. Kwenye marathoni ya Olimpiki, Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, aliingia uwanjani goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa wa 57 na nyuma yake hakuna mtu. Giza lilishaingia na watazamaji wengi walishaondoka. Lakini mstari ulikuwepo, kamera ilikuwepo, na mwenye saa alikuwepo, akaandika 3:25:27. Wangekuwa wamekunja mkeka, wewe leo ungekosa mfano wa kututolea.

Kwa hiyo naomba, kama haitakuwa usumbufu, mwakani usimamishe mtu mmoja mstarini, mwenye saa na medali chache, mpaka gari la wagonjwa lifike. Gari hilo ndilo linalojua wa mwisho ni nani. Maji ya kunywa nayo yasiondoke na msafara.

Na kama ombi hilo ni zito, nina jepesi zaidi. Sisi wanene turuhusiwe kuanza saa 12:00 kamili, bila bendera, bila hotuba. Wewe usiharakishe. Ukifika saa 1:20 utatukuta darajani, utupungie mkono ukiwa ndani ya gari.

Wako mtiifu,
Mama Bonge, aliyemaliza

Nakala: Dereva wa gari la wagonjwa, kwa taarifa na shukrani